Tunda la Mgonjwa Wangu

Mwaka wangu wa mafunzo kwa vitendo sikuwa na mtu wa kula naye. Naanza na hilo kwa sababu madaktari wengi, wakiulizwa kwa nini waliweka picha fulani kwenye simu, hujibu kwamba walitaka kuielimisha jamii. Mimi pia nilijibu hivyo, tena mbele ya mkuu wangu wa kazi, nikiwa nimekaza shingo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepanga chumba kimoja Mafiga, mgeni mjini Morogoro, napika kikombe kimoja cha mchele na bado unabaki. Nikishavua koti la hospitali jioni hakukuwa na kiumbe wa kuniuliza siku yangu imekwendaje.

Kwetu ni Gairo. Nimekulia katika nyumba ya watu tisa, nyumba ambayo ukipiga chafya sebuleni unapewa pole kutoka uani. Morogoro si mbali na Gairo, lakini upweke haupimwi kwa kilomita. Mama alikuwa akinipigia Jumapili baada ya ibada, ananiuliza kama nimekula, kabla sijamaliza kujibu anaanza kunieleza habari za karanga, kisha salio linaisha. Siku sita zilizobaki nilikuwa naongea na wagonjwa, na wagonjwa hawakuja pale kunisikiliza mimi.

Ndiyo maana nikaipenda stetasi, zile picha za siku moja ambazo kila mwenye namba yako anaziona kwenye simu. Niliweka kila kitu. Viatu vyangu vilivyotapakaa matope ya masika, chai ya kantini, milima ya Uluguru ikiwa imejifunika wingu mpaka kiunoni. Halafu nakaa kitandani kuangalia nani ametazama. Majina yalikuwa yanaongezeka, kumi, thelathini, hamsini, nami nikahisi kama watu wanapita mlangoni kwangu wakinipungia mkono. Nikisema leo nitachekwa, lakini jioni zile yale majina ndiyo yaliyokuwa familia yangu.

Mtu mmoja tu wa kweli nilikuwa naye mtaani, naye ni mama mwenye genge la mboga karibu na nyumba niliyopanga. Alinizidi umri kama miaka kumi na alikuwa na ulimi usiofungwa breki. Alikuwa ananiita daktari kwa sauti kubwa ili wateja wengine wasikie, na ananiwekea karoti nzuri pembeni. Namba yangu alikuwa nayo, kwa ajili ya kuniambia mboga zimefika.

Katikati ya mwaka nilipangiwa kliniki ya kifua kikuu. Wenzangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha makubwa yasiyofungwa kamwe, benchi moja la wagonjwa, na nesi mtu mzima aliyeijua kazi ile kuliko vitabu vyangu vyote. Wiki yangu ya kwanza pale akaja mama mmoja kutoka milimani. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwembamba, amejifunga leso usoni, akakaa mwisho kabisa wa benchi, nusu ya mwili iko nje ya mlango. Wagonjwa wenzake wenye ugonjwa uleule walikuwa wamesogea mbali naye, maana kikohozi chake kilikuwa kibaya. Nilivaa barakoa yangu, nikavuta kiti mpaka karibu na magoti yake, nikampa shikamoo. Alichelewa kuitikia. Baadaye alimwambia nesi kwamba tangu aanze kukohoa hakuna mtu aliyemsogelea hivyo.

Alikuwa mkulima na muuza mboga. Njegere, kabichi, karoti, na msimu ukifika, matunda ya fyulisi. Nami nilimwambia mimi ni mtoto wa mkulima wa Gairo. Kwa habari za ugonjwa wake alikuwa mtu wa siri sana. Nyumbani alisema anasumbuliwa na pumu. Dawa alikuwa anazifunga kwenye mfuko wa chumvi. Alikataa katakata kadi yake ihamishiwe kwenye zahanati ya misheni ya kijijini kwao, ingawa ilikuwa hatua chache kutoka kanisani, kwa sababu huko kila anayeingia anajulikana ameingia kufanya nini. Kwa hiyo kila wiki alikuwa anashuka mpaka mjini, anakunywa vidonge vyake vinne, anabeba vya siku zilizobaki, anapanda tena. Mimi, na hasira zangu za karibu, nilimwona mkaidi. Nikawa namtajia kimoyomoyo methali ya mficha maradhi. Methali ile inasema kifo kitamuumbua mfichaji. Haisemi kwamba daktari amsaidie kifo kazi hiyo.

Miezi miwili ikatimia. Tukapima makohozi yake, yakatoka safi. Maana yake hawezi tena kumwambukiza mtu, ingawa ilimbidi aendelee na dawa miezi minne mingine. Akikatisha, ugonjwa hurudi ukiwa umejifunza kupigana na dawa. Nilimweleza hayo polepole. Safari iliyofuata alikuja na tenga dogo la fyulisi, akaliweka mezani kwangu. Nilichukua moja, nikalifuta kwenye koti, nikalila palepale mbele yake, maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alinitazama nikila hadi kokwa. Kisha akacheka, na lilikuwa cheko la kwanza kumsikia akilitoa, akafunika mdomo kwa leso kwa mazoea tu.

Nikamwuliza kama naweza kupiga picha. Akasema, "Piga, mwanangu."

Nilikuwa mwangalifu, naomba nieleweke. Chuoni tulifundishwa: usionyeshe sura, usitaje jina, usitaje kijiji. Sura haikuwemo. Jina halikuwemo. Kulikuwa na mkono wangu, fyulisi la pili lililong'atwa, tenga juu ya meza, na nyuma yake ukutani bango la kliniki. Nikaandika chini yake: "Tunda la mgonjwa wangu wa kifua kikuu. Nimelila bila wasiwasi. Tusiwaogope." Nikaituma saa mbili usiku nikiwa naona nimefanya jambo la maana sana duniani. Majina yakamiminika kuliko siku yoyote. Mwalimu wangu wa zamani akaweka alama ya moyo. Daktari mmoja tuliyesoma naye, ambaye hakuwahi kunijibu salamu, akaandika kwamba nchi inahitaji madaktari kama mimi. Nililala vizuri.

Kesho yake jioni nilipita gengeni. Mama wa genge hakuniita daktari. Alikuwa anapanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikamwuliza karoti ziko wapi, akasema hakuchukua. Halafu akainua uso na kuniuliza kwa sauti ya chini, jambo ambalo si kawaida yake, "Kumbe yule mama ana TB, na sisi tunakula mboga zake siku zote?"

Nikamwuliza mama yupi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mwenye uji mdomoni anayesema hakuonja. Ndipo akanieleza jambo ambalo mimi, na elimu yangu yote, sikulijua.

Akina mama wa milimani hawashuki wote kila siku ya soko. Alfajiri wanapakia matenga kwenye lori la mboga, wachache wanashuka nayo, wengine wanabaki shambani. Tenga haliandikwi jina. Kila mwanamke ana kitambaa chake, kipande cha kanga au kitenge, anachokifunga ukingoni mwa tenga, na hakibadilishi mpaka kioze. Hata hapo anatafuta kinachofanana nacho. Lori likifika, wapagazi na wachuuzi wanaangalia kitambaa tu. Hili ni la fulani, hamwagi mabovu chini na kupanga mazuri juu. Hili ni la fulani mwingine, kuwa makini. Mama yule alikuwa na sifa nzuri ya miaka mingi pale sokoni, na sifa yote hiyo ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha kanga ambacho mimi nilikipiga picha kikaonekana vizuri, mbele kabisa, chenye mwanga mzuri wa dirishani. Nilikuwa nimeficha sura ambayo nusu ya watu wa sokoni hawaijui na nikaonyesha kitu ambacho hata mpagazi asiyejua kusoma anakisoma.

(Rangi ya kitambaa sitaitaja. Na huenda hayakuwa mafyulisi.)

Mama wa genge hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameogopa, kwa sababu anawalisha watoto wake karoti mbichi kutoka kwenye tenga lile. Akamwonyesha picha mchuuzi mwenzake, huyo akamwonyesha mwingine, na kufikia asubuhi ilikuwa imeingia kwenye kundi la simu la wachuuzi. Nilisimama pale gengeni nikaanza kutoa somo: amepona kwa kiasi kikubwa, haambukizi, ugonjwa huu hauenezwi kwa mboga. Nilikuwa naongea kwa sauti kubwa na mikono hewani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hayo yote ningeyaandika kabla, si baada. Nilirudi chumbani nikaifuta picha. Ilikuwa imebakiza saa moja ijifute yenyewe.

Siku yake ya kuchukua dawa ilifika, hakuja. Nesi akapiga simu, haipatikani. Wiki ikapita. Pale ndipo niliposhikwa na woga wa kweli, kwa sababu kila siku bila vidonge ilikuwa inamrudisha alikotoka, na mwili ule haukuwa na akiba ya kuanza upya. Sikulala vizuri tena. Nilikuwa nikisikia mtu anakohoa barabarani nainuka kuchungulia dirishani, wakati yeye alikuwa mlimani huko na mimi najua.

Nesi ndiye aliyempelekea habari mkuu wangu, na nilimkasirikia kwa hilo kwa siku mbili nzima. Mkuu wangu alikuwa mwanamume mpole wa maneno machache. Aliniuliza kama nilimwomba mgonjwa ruhusa. Nikasema ndiyo, kwa kujiamini. Akaniuliza nilimwomba ruhusa ya nini. Nikasema ya kupiga picha. Nikalisikia jibu langu likirudi masikioni. Nilimwomba ruhusa ya kupiga. Ruhusa ya kuonyesha sikuiomba, na yule mama, ambaye simu yake ilikuwa ya tochi na vitufe, alidhani naitaka picha niwe nayo. Nilipewa barua ya onyo. Sikuijali sana barua. Nilichojali ni kwamba tangu siku ile, nikiingia chumba cha kupumzikia, wenzangu walikuwa wanashusha sauti, na mmoja alisema kwa utani kwamba tufunge vitambaa vyetu, mpiga picha amefika. Nilicheka pamoja nao. Halafu nikaenda kula chooni, nasema kweli, nilikula andazi langu nimesimama chooni.

Mwishoni nesi akaniambia, kama nataka kufanya kitu nikifanye kwa miguu. Akanipa dawa za mama yule zimefungwa kwenye mfuko wa kawaida wa dukani, akanielekeza nyumbani kwake, akaniambia nisivae koti, nisiseme kwa mtu yeyote njiani mimi ni nani. Jumamosi nilipanda pikipiki hadi barabara ilipogeuka utelezi, dereva akagoma, nikaendelea kwa mguu. Yalikuwa mawingu na manyunyu. Mashamba ya ngazi kila upande, watu wameinama kwenye vitunguu, na kila niliyempita akinisalimu na kutaka kujua naenda kwa nani. Nilikuwa nasema nimetumwa na ndugu yake wa mjini. Uongo ule ulikuwa kitu cha kwanza sahihi nilichomfanyia kwa mwezi mzima.

Nilimkuta shambani juu ya nyumba yake. Kabichi zilikuwa zimepasuka kwa kukomaa, njegere zimekaukia kwenye mashina. Mtu yeyote aliyelelewa na mkulima angejua maana yake. Hakuna kilichokuwa kimepanda lori. Nikamsalimu, akaitikia marahaba bila kunikwepa macho. Akanawa mikono, akanitangulia nyumbani, akanipa kigoda, akanipa maji, akaweka ndizi jikoni. Heshima ile ilinichoma kuliko ambavyo matusi yangenichoma. Nilianza kuomba radhi kabla ya maji kuisha kwenye kikombe, akanionyesha kwa mkono kwamba nile kwanza. Nikala. Alikaa upande wa pili wa moto, mbali, na sikujua kama ananikinga na kikohozi chake au anajikinga na mimi.

Niliposhiba nikasema yote. Kwamba sikujua habari za kitambaa. Kwamba sura yake niliificha. Kwamba nilitaka watu waache kuwaogopa wagonjwa. Nilijisikia nikijitetea na sikuweza kujizuia, na machozi yakanitoka, machozi ya kitoto yasiyo na faida kwa mtu yeyote.

Akangoja nimalize. Kisha akasema, bila ukali:

"Wachuuzi watarudi, mwanangu. Mboga nzuri haikosi mtu. Hilo halikuniuma sana. Siku ile ulipokula tunda langu, nilirudi huku nimefurahi, nikasema, yupo mtu mmoja haniogopi. Kumbe ulikuwa unawaonyesha watu kwamba huniogopi."

Nimewahi kutoa mada kwa wanafunzi wa udaktari kuhusu simu na siri ya mgonjwa, wakaandika vizuri kwenye madaftari, ruhusa, faragha, vitambulisho vilivyofichika. Lile neno lake sikuweza kuwaambia. Nikilifikia nasema tuendelee na kipengele kinachofuata.

Nikatoa mfuko wa dawa nikauweka chini katikati yetu. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, hata kumpigia magoti. Hakunisubiri. Akaufungua, akahesabu vidonge vya siku ile, akavimeza na maji yaliyobaki kwenye kikombe changu.

"Dawa nitakunywa," akasema. "Ninayeumwa ni mimi. Mwambie nesi mwezi ujao nitakuja, ila nataka kumkuta yeye. Wewe nisikukute."

Nikasema sawa, mama. Alinisindikiza mpaka njia panda, kama mgeni yeyote, akanipa ndizi za njiani. Mvua ilinipiga mpaka nilipoipata pikipiki. Furaha ilikuwepo, maana alikuwa amekunywa dawa na angeendelea kunywa, lakini ilikuwa furaha ya namna ambayo huwezi kumpigia mtu simu kumweleza. Mama yangu alipopiga kesho yake akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula ndizi, nikashindwa kuendelea.

Zamu yangu kliniki ikaisha, nikahamishiwa wodi nyingine. Namba niliibadilisha. Sikumpa mtu isipokuwa nyumbani na kazini, na jioni zikawa ndefu namna ambayo sikuwa nimeijua hata nilipofika mwanzo. Mboga nilinunua mbali, mpaka siku moja mama wa genge akanisimamisha njiani kuniambia tenga la yule mama limeanza kuonekana tena sokoni, na wananunua, ingawa si wote. Aliniambia hivyo akiwa anatazama pembeni. Sikumwuliza zaidi, naye hakuniita daktari.

Kila mwezi nilikuwa nikikutana na nesi kwenye korido, namwuliza kwa macho, naye anaitikia kwa kichwa kwamba amekuja. Mwezi wa mwisho akaniambia siku ambayo mama yule angekuja. Niliomba ruhusa wodini, nikaenda kliniki mapema, nesi akanifungulia chumba cha kuhifadhia dawa nyuma ya meza yake na kuniambia nikae humo, nisikohoe wala nisipige chafya. Nilikaa juu ya boksi katikati ya makatoni. Nilikuwa daktari kamili kasoro wiki tatu, nimejificha stoo.

Nilimsikia akiingia. Hatua zake zilikuwa nzito kuliko zamani, za mtu aliyeongezeka kilo. Alisalimiana na nesi kwa muda mrefu, habari za mvua, habari za watoto. Nesi akamsomea majibu ya mwisho, safi, akamweleza kwamba kadi inafungwa leo. Nikasikia kiti kikisogezwa, kisha sauti yake, ikiwa karibu zaidi na mlango wangu kuliko nilivyotarajia.

"Yule mtoto wa Gairo bado yupo hapa?"

Nesi akasema yupo.

"Mwambie nimepona."

Akaaga, akaondoka. Nilisubiri mpaka hatua zake zilipokwisha kwenye korido. Nesi akafungua mlango, akasimama pale na kadi mkononi, akaniambia, mgonjwa wako amesema amepona. Nilimwacha amalize, kana kwamba sikuwa nimesikia.